Nyumba Tuliyokujengea kwa Siku Tisa

Fundi,

Yoga. Hilo ndilo neno pekee la Kiteso ulilolijua kwa miaka kumi na mmoja tuliyofanya kazi pamoja hapa Malaba, na ulilitumia kunisalimu, kunishukuru na kunifokea nikitia mchanga mwingi kwenye simiti. Leo nakusalimu nalo mimi. Ningependa lifuatwe na habari njema, lakini sina.

Nyumba yako imeshika kuvu. Mtoto wako anaumwa kifua kwa ajili yake. Na kesho Jumamosi ndugu zako wanaketi pale nyumbani Matayos kuamua kama mke wako aendelee kukaa humo au arudishwe kwao, kwa sababu wanasema kuvu hiyo ni wewe.

Nimekaa juu ya ndoo ya rangi niliyoipindua, kwenye vile vyumba vya kupangisha karibu na maegesho ya malori tulivyovianza pamoja ukaniachia. Vijana wameenda kula. Naandika kwenye daftari letu la vipimo kwa sababu ndilo lililo karibu, na kwa sababu kurasa za mbele zina mwandiko wako, ile saba yako ambayo kila mtu huisoma moja. Ungekuwepo ungeniambia niache kuharibu karatasi nishike mwiko.

Wacha nianze pale ulipoachia. Siku ile ulikuja kazini kichwa kikikuuma. Saa nne ukaketi chini, saa sita ulikuwa umekwenda. Presha, walisema. Kakako Mzee Wandera alipofika, swali lake la kwanza halikuwa umekufa vipi. Aliuliza utatolewa kwa mlango gani. Wewe uliyepiga plasta nusu ya Malaba hukuwa na nyumba kwenu. Mlikuwa mkiishi chumba kimoja cha kupanga, wewe na Mama Nabwire na Nabwire wenu wa miaka minne. Na kwenu mwanamume mwenye mke na mtoto hazikwi kwenye uwanja mtupu. Lazima awe na nyumba yake, jeneza liingie humo na litoke humo, na mjane abaki akilala humo mpaka familia iketi na kumpa ruhusa ya kulala kwingine. Hata akienda soko la Busia, jioni awe amerudi.

Basi wewe ukawekwa mochari, na sisi tukapewa siku tisa.

Nyumba za namna hiyo ulizijua. Ulikataa kazi ya kuzijenga mara mbili mimi nikisikia. Mara ya pili ulimwambia yule jamaa aliyekuja na gari lake zuri, "Mimi sijengi nyumba ya kushindana na maiti." Halafu tukiwa tunanawa mikono ukanigeukia mimi. "Ukuta uache ukojoe kwanza, Amoit. Ukimaliza ndio uuvalishe nguo." Wiki nne, ukuta wazi, bila rangi. Hukuzipunguza hata kwa padri, na padri alikuwa amekuja na mipango ya askofu kutembelea. Alingoja kama watu wengine.

Ukuta wako mimi niliuvalisha nguo ukiwa bado umelowa.

Siku ya tatu kuta zilikuwa zimesimama, matofali yakinyeshewa toka tanuruni mpaka mkononi. Siku ya tano mabati. Siku ya sita na ya saba nilipiga plasta ndani na nje na vijana sita, mvua ikitugonga mgongoni. Nilikuwa nalia, lakini mkono ulikwenda sawa, hilo utaniamini. Mzee Wandera alitaka rangi ya mafuta, ile inayong'aa, ya krimu, ili picha zitoke vizuri na watu wa Nairobi wasiseme tulikuzika kimaskini. Nilimwambia kuna chokaa, kuna rangi ya maji, ukuta utapumua. Akaniuliza kama nataka kumwaibisha ndugu yake. Siku ya nane nikapaka. Na yale matundu ya hewa juu ya madirisha, mvua ilikuwa ikiingilia pale na kuchora michirizi kwenye rangi mpya, kwa hiyo niliyaziba kwa simiti. Hilo sikuagizwa na mtu. Nilitaka ipendeze kwa ajili yako.

Ilipendeza kweli. Ulilala humo usiku mmoja.

Mwezi wa kwanza ilikuwa harufu tu, ile ya gunia lililosahaulika kwenye kona. Mama Nabwire alifikiri ni panya amefia darini, akapandisha kijana akaangalie, hakukuwa na kitu. Mwezi wa pili alivuta kitanda ili afagie, akakuta ukuta una madoa meusi kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno. Koti lako la Jumapili, lile alilokataa kuligawa, lilikuwa limeota manyoya ya kijani mabegani. Viatu vyako vilikuwa vyeupe kwa ndani. Akanitumia picha kwenye simu, nikamwambia asijali, ni mvua hizi, nitakuja.

Nilikuja. Nikafuta kwa kitambaa, nikapaka rangi juu yake, nikapanda boda nikarudi Malaba kabla ya saa kumi. Najua, Fundi. Yule fundi wa Busia uliyemfukuza saiti kwa kufanya jambo hilo hilo, mimi ndiye niliyembebea vifaa vyake mpaka barabarani nikimcheka.

Rangi ilikaa wiki tatu. Kisha ikavimba malengelenge, na mke wako alipoyagusa yalipasuka yakatoa maji. Kuvu ikarudi na hasira, safari hii ikapanda juu ya kitanda, upande wa ukutani. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Jirani mmoja alisema doa lina mabega. Mwingine akasema na shingo ipo. Wakawa wanakuja wawili wawili, wanasimama kwenye mlango wa chumba cha kulala, wanaangalia, wanaondoka bila kunywa chai. Unajua watu wa kwenu wasivyokataa chai.

Sitakudanganya. Nilikwenda tena nikasimama pale pale walipokuwa wakisimama, na mimi nikayaona mabega. Nilijua ni nini. Ni pale kitanda kinapozuia hewa, ukuta unakuwa baridi, unyevu unajikusanya na kuvu inapata chakula. Ningeweza kumweleza mtu yeyote. Lakini nilitoka nje haraka kuliko nilivyoingia.

Mara ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Nilikwenda na brashi ya waya nikasema leo naikwangua mpaka iishe. Niliikwangua kavu. Mlango nilikuwa nimeufunga ili kuku wasiingie, madirisha yamefungwa kwa upepo, na Nabwire alikuwa chumba cha mbele akichezea kifuniko cha sufuria. Vumbi la kijani likatoka ukutani likajaa nyumba nzima. Lilining'ang'ania kooni, nikakohoa, nikaendelea. Nilikuwa najiona mchapakazi. Kesho yake mtoto hakuweza kumaliza sentensi bila kupumzika katikati. Mama yake alimpeleka hospitalini kwa boda amemshika kifuani, na njia nzima, aliniambia, alikuwa akisikia filimbi ndogo ndani ya mwili wa mtoto.

Daktari alimpa dawa ya kuvuta akamuuliza mama maswali ambayo mimi nilipaswa kuwa nimejiuliza. Nyumba ni mpya? Ina hewa? Kuna kuta zinazotoa jasho? Akamwambia mtoto asilale humo mpaka kuvu iondolewe. Kwamba haikwanguliwi kavu, inalowanishwa kwanza kwa maji na sabuni, madirisha wazi, anayesafisha amefunika pua na mdomo na amevaa glavu, na watoto wawe mbali. Kwamba godoro lililoshika kuvu halisafishiki, litupwe. Na zaidi ya yote kwamba ni kazi bure kusafisha kama hatujajua maji yanatoka wapi. Mama Nabwire alinieleza haya kwenye simu polepole, jambo moja baada ya jingine, kama mtu anayesoma risala. Nikamjibu ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Walijaribu kumlaza mtoto kwa jirani. Alilia kumtaka mama yake mpaka kifua kikabana zaidi, wakamrudisha. Kwa hiyo mama naye ilibidi atoke, na kutoka ni ruhusa. Alikwenda kwa Mzee Wandera akaomba alale kwingine kwa muda, yeye na mtoto. Hapo ndipo alipojichongea bila kujua. Mjane wa miezi saba anaomba kuondoka kwenye nyumba ya mumewe, na nyumba yenyewe imeota mtu ukutani? Mzee Wandera alisema wazi, na yamefika mpaka huku Malaba, kwamba mwenye nyumba ameikataa, na mtu hakatai nyumba bila sababu, na sababu inalala humo ndani. Akaitisha kikao cha kesho.

Sasa nifike pale ninapopazunguka tangu nianze barua hii.

Sakafu ilikuwa ya mwisho. Siku ya nane, alasiri, kifusi kimeshindiliwa vizuri, na ile karatasi nyeusi ya nailoni iko mlangoni imekunjwa, ile tunayoitandika chini ya zege ili unyevu wa ardhini usipande. Unaijua ardhi ya kwenu, ni bonde, ukichimba kidogo unakutana na maji. Mvua ikafunguka. Waliokuwa wakichimba kaburi wakaja wakikimbia, kaburi linajaa, wanachota kwa ndoo na maji yanarudi. Wakauliza kama nina kitu chochote cha kutandika. Nikaiangalia ile karatasi. Nilikuwa nimeipima mimi mwenyewe, chumba kwa chumba.

Niliibeba begani nikapeleka. Kakako alikuwa ukingoni, yeye ndiye aliyeipokea. Tukaitandika chini na kuipandisha pembeni, kipande kilichobaki tukafunika juu mpaka siku ya kukuzika. Kisha nikarudi nikamwaga zege juu ya udongo mtupu. Barabara ya dukani ilikuwa haipitiki na gari la kukuleta lilikuwa linatoka mochari alfajiri.

Sikuweza kukufikiria ukilala ndani ya maji. Ni hilo tu, hakuna sababu nyingine. Nilikufikiria wewe kwa nguvu zangu zote, na sikumfikiria hata kidogo atakayelala ndani ya nyumba.

Tangu wakati huo ardhi inanyonywa na sakafu, sakafu inanyonywa na kuta, na kuta haziwezi kupumua kwa sababu nimezifunga kwa rangi ya mafuta na kuziba pua zake. Hakuna sabuni ya kuosha hilo. Nimefikiria dawa za kutoa madoa, nimefikiria chokaa, nimefikiria kufungua matundu tu na kuomba Mungu kiangazi kiwe kirefu. Kila njia ninayoipenda ni ile ambayo hainilazimu kusema kitu. Njia ya kweli ni kubandua plasta yote ya ndani na kuvunja sakafu, na nikianza kuvunja sakafu mtu ataniuliza kwa nini.

Sijamwambia mtu yeyote. Mwanzoni nilikuwa nakulilia, halafu nikawa naogopa. Unajua wanavyosema juu ya mwanamke kwenye jukwaa la ujenzi. Ulinitetea miaka kumi na mmoja, na jibu lako lilikuwa moja, waende wakapige rula kwenye ukuta wangu. Kesho nitakwenda na nyundo kubwa na mtaimbo. Kama nitafungua mdomo, sijui.

Vijana wanarudi. Nitaendelea.

Jumapili sasa. Sikwenda kanisani.

Walikaa ndani ya nyumba yenyewe, Fundi. Mimi nilifikiri watakaa nje chini ya turubai, lakini Mzee Wandera alisema jambo la nyumba linasemewa ndani ya nyumba. Wanaume tisa na shangazi zako wawili kwenye kile chumba cha mbele, mlango umerudishwa, na harufu ile. Waliomba kwa muda mrefu. Wakati wa maombi nilisikia wakianza kukohoa mmoja mmoja, na kila aliyekohoa alimtazama mwenzake kwa hofu. Nabwire alikuwa mapajani mwa mama yake, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu aliyekimbia.

Mzee Wandera hakuwa mkali. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mkali. Alimwambia polepole, kwa neno lenu la shemeji, "Mulamwa, huyu mtu amekataa hii nyumba, sisi wote tunaona. Kama kuna kitu ulimfanyia, sema saa hii, tumalize, mtoto apone."

Nilimtazama mkeo nikidhani atakataa. Hakukataa. Alifungua mdomo akasema labda ni ile asubuhi. Asubuhi gani, wakamuuliza. Akasema ulipoamka ukilalamika kichwa, alikuambia uache kutafuta visingizio, uende kazini, kodi ya chumba haijilipi. Alisema ulivaa viatu bila kumjibu. Alisema hiyo ndiyo sura yako ya mwisho aliyonayo, mgongo wako ukifunga kamba za viatu. Na shangazi mmoja akaitikia taratibu, "Eeh," kama mtu aliyepata kilichokuwa kimepotea.

Mzee Wandera alikuwa anajiandaa kusimama. Nilijua akisimama atakachosema hakitarudi.

Nikasimama mimi. Sikumbuki nilivyoanza. Nadhani nilianza na rangi, kisha matundu, kisha plasta, nikiruka huku na huku, na mjomba mmoja akasema, "Sasa wewe fundi unatuambia nini? Tuko na kikao hapa." Nikaona maneno hayanisaidii. Nikachukua nyundo pale nilipoiegemeza, nikawaomba wasogeze miguu, nikapiga sakafu ya chumba chako cha mbele mbele ya wazee wako.

Ilipasuka kwa pigo la tatu. Zege lilikuwa jembamba, hilo nalo ni langu. Niliingiza mtaimbo nikainua kipande, kikatoka na udongo mweusi uliolowa, na shimo likaanza kujikusanyia maji taratibu tukiangalia. Nikawaambia karatasi ilipaswa kuwa hapa. Nikawaambia iko wapi. Nikamtazama Mzee Wandera, na yeye alikuwa anaiangalia mikono yake, ile aliyoipokelea karatasi.

Hakuna aliyenitukana. Walianza kubishana kama wanavyobishana watu wa kwenu, kwa utaratibu, kila mmoja na zamu yake. Mmoja alisema nyumba ya marehemu haibomolewi kabla ya mwaka. Mwingine akasema nyumba ni paa na mlango, hayo mengine ni matope. Mwishowe walikubaliana hivi: mlango wako usiguswe na paa lisiguswe, lakini sakafu na plasta ya ndani nivunje kwa mikono yangu, na mjane na mtoto wakalale kwenye nyumba ya mama yenu mzee kuanzia jioni ile. Mzee Wandera alilisema hilo la mwisho mwenyewe. Kisha alitoka akaenda kusimama peke yake kando ya kaburi lako.

Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa nimeshusha mzigo na, nisikufiche, nilijisikia mwepesi, karibu nimefurahi. Nikafunika pua kwa barakoa, nikaingia chumbani kumsaidia Mama Nabwire kutoa vitu. Godoro tulilikokota nje likachomwe. Koti lako alilikunja akaliweka juu ya godoro bila kuambiwa. Tulipobaki wawili, amesimama upande wa ule ukuta, aliongea bila kunitazama.

"Amoit, wewe ulijua. Mimi kila jioni napigia huu ukuta magoti, namwomba msamaha. Tangu doa lipande. Mtoto akikohoa naongeza maombi. Na wewe ulikuwa unakuja hapa unakunywa chai yangu."

Nilipiga hatua kumwendea. Alininyooshea mkono, si kwa kunipiga, kwa kunizuia tu nisimkaribie, akambeba Nabwire akaenda. Filimbi ile niliisikia mpaka walipokata kona ya jikoni. Nimempigia simu mara nne tangu jana na hachukui. Shangazi ndiye aliyechukua mara moja, akasema mtoto amelala, bado anavuta pumzi kwa mabega, kesho wanarudi hospitalini. Daktari alishasema hawezi kuahidi. Kifua cha mtoto mdogo kikishazoea kubana, alisema, kinaweza kubaki hivyo.

Kuna jambo jingine, Fundi, na hili hata kikao hakikuliuliza. Tangu tukuzike nimejengea marehemu wengine watatu. Watu walikuja mazishini, wakaona nyumba inavyong'aa, wakataka kujua fundi ni nani. Moja iko upande wa Alupe, moja Bumala, moja kwenye barabara ya kushuka Port Victoria. Siku kumi, siku nane, siku saba. Nilikuwa naongeza kasi. Leo asubuhi nimempigia mjane wa Alupe, na kabla sijafika kwenye shida yangu akaniambia, "Fundi, afadhali umepiga. Huku nyuma ya kabati kuna kitu kimeanza."

Kesho alfajiri naanza na yako. Nitalowanisha kuta kwanza, nitafungua madirisha na yale matundu, nitabandua plasta mpaka tofali, nitavunja sakafu yote na kuichota nje. Nitaacha ikae uchi mpaka ikauke kabisa, hata kama ni mwaka, hata kama watu watapita wakicheka kwamba nyumba ya Fundi imebaki mifupa. Ndipo nitatandika karatasi, na ukuta nitaupaka chokaa tu. Kisha Alupe, kisha Bumala, kisha kule chini ziwani, na kila mlango nitabisha mwenyewe na kusema mimi ndiye niliyefanya, kabla hawajamtafuta mchawi miongoni mwao. Na kazi ya kushindana na maiti sitaichukua tena. Hiyo ni ahadi, na nimeiandika kwenye daftari lenye mwandiko wako.

Nilikaa kuandika nikikusudia kukuomba radhi. Nimefika mwisho nikaona sina ninachokudai wala huna unachonidai. Umeombwa msamaha jioni baada ya jioni na mtu asiyekukosea lolote, na hukuwa na namna ya kumwambia anyamaze. Mimi nilikuwa nayo.

Kwa hiyo pumzika, Fundi wangu, wala usisumbuke na mimi. Ombi langu la msamaha nitalipeleka kwa mke wako, na kwa Nabwire akishakua wa kuelewa, na kama hawatanipa nitaendelea kuwajengea bila kupewa.

Mwanafunzi wako,
Amoit